Mkubwa akilalamikiwa na watu wake: kisa cha Nkavandame

Kwenye kikao chetu kilichopita kulizuka ubishi mkali. Kiongozi akishitakiwa na mtu aliyefanya kazi chini yake, aachie cheo kwanza au asubiri hukumu? Wengine wakasema kuachia ni kukubali kosa. Mimi nikakumbuka kisa cha kwetu, Cabo Delgado kaskazini, ambacho wazee wengi hawapendi kukitaja kwa sauti.

Lázaro Nkavandame alikuwa Mmakonde wa upande wa Mueda. Kabla ya vita alianzisha ushirika wa wakulima wa pamba, na Wareno hawakuupenda. Vita vya FRELIMO vilipoanza Septemba 1964, yeye ndiye alikuwa mkubwa wa chama kwa jimbo zima, na chini yake wenyeviti wa maeneo.

Sasa shida ilianzia dukani, si porini. Maduka ya Wareno yalikuwa yamefungwa kwenye maeneo yaliyokombolewa. Wanakijiji wakawa wanabeba ufuta, karanga na korosho kichwani hadi Rovuma, wanavuka Tanzania, wanarudi na chumvi, sabuni na vitambaa. Biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa Nkavandame na wenyeviti wake. Malalamiko yakaanza: bei zinaumiza, faida inabaki kwa wakubwa. Yeye naye alikuwa na lake: Wamakonde ndio wanakufa vitani, uongozi wameushika watu wa kusini. Kwa maoni yangu kulikuwa na ukweli pande zote mbili, ingawa najua kuna watakaonirukia kwa kusema hivyo.

Julai 1968 alisusia mkutano mkuu wa chama kule Niassa. Agosti wakakutana Mtwara, Watanzania wakijaribu kusuluhisha, wapi. Desemba 22 Paulo Kankhomba, kamanda wa FRELIMO, aliuawa alipovuka Rovuma, na lawama zikawaangukia watu wa Nkavandame. Januari 3, 1969 akasimamishwa kazi zote. Mwezi mmoja baadaye, Februari 3, bomu lilimuua Eduardo Mondlane Dar es Salaam. Machi, Nkavandame akajisalimisha kwa Wareno, watu walewale aliokuwa anapigana nao.

Ona jinsi mambo yalivyokwenda mbio. Malalamiko ya bei ya chumvi yalimezwa na mauaji, mauaji yakamezwa na usaliti. Hakuna mahakama iliyokaa ikafungua daftari la duka. Chama kilikuwa mlalamikaji na hakimu kwa wakati mmoja. Baadaye alikamatwa, na baada ya uhuru wa 1975 akauawa Niassa bila kesi ya wazi. Kwa hiyo wale mama waliobeba ufuta hawajajibiwa mpaka leo.

Linganisha na jirani zetu. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani Tanzania kwa sababu watu walikufa mikononi mwa maofisa kule Shinyanga. Si yeye aliyewatesa. Aliondoka, na mwaka 1985 akawa rais. Kwa hiyo wale waliosema kuachia cheo ni kukubali kosa, hapo mnasemaje?

Mwenye bibi au babu aliyevuka Rovuma na mzigo, amuulize: gunia la ufuta walipewa chumvi kiasi gani? Leteni majibu kikao kijacho, hata kwa Kimakonde au Kimwani, tutatafsiriana.