Majina Mawili Katika Orodha ya Marehemu



Wapendwa waamini, mwezi Novemba 2025, tulipokuwa tukiwaombea marehemu wetu kama ilivyo desturi ya Kanisa, nilikuta katika orodha iliyoletwa altareni majina mawili yasiyo ya mtu yeyote wa Tunduma: Clemence Mtenga na Joshua Mollel. Sikujua ni nani aliyeyaandika. Niliyasoma pamoja na mengine, na kanisa likatulia, maana wengi waliyatambua. Baada ya Misa mzee mmoja alinisubiri mlangoni pa sakristia, akaniambia: "Baba Paroko, umefanya vema kuwasoma vijana wetu. Lakini wale wengine wa kule, nani anawasoma?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwahidi kwamba ningelitafakari na kuliandika, na leo natimiza ahadi hiyo.

Tuanze mbali kidogo. Wazee wetu wanakumbuka vita vya Oktoba 1973 kati ya Israel na nchi za Kiarabu. Habari zake zilifika huku mpakani kwa njia ya redio: Radio Tanzania Dar es Salaam, Idhaa ya Kiswahili ya BBC iliyoanza mwaka 1957, na ile ya Deutsche Welle ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1963. Televisheni ilikuwa bado haijafika Tanzania Bara. Mwezi ule ule nchi yetu ilivunja uhusiano wa kibalozi na Israel, ingawa miaka kumi tu kabla wataalamu wa Israel walikuwa wametusaidia kuanzisha Jeshi la Kujenga Taifa. Uhusiano huo ulirejeshwa mwaka 1995.

Wazee wananisimulia kwamba katika taarifa za siku zile walisikia habari za marais, majemadari, mipaka na ndege zilizotunguliwa. Raia walitajwa kwa ujumla wao, kama mtu atajavyo mvua au ukame. Jina la mama wa Gaza, au la mkulima wa Galilaya, halikufika Tunduma. Lakini pia hakuna babu aliyeketi na wajukuu wake akajikuta ameonyeshwa mtu akiuawa. Redio ilificha mengi, na katika kuficha huko kulikuwamo pia stara.

Sasa tuje kwa vijana wetu wawili. Clemence, mwenyeji wa Rombo, alikuwa mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Joshua, wa Simanjiro, alisomea kilimo katika chuo cha Kaole, Bagamoyo. Wote wawili walikwenda Israel kujifunza kilimo kwa vitendo. Clemence alipangiwa Nir Oz na Joshua Nahal Oz, makazi ya wakulima yaliyo karibu kabisa na mpaka wa Gaza. Joshua alikuwa hajamaliza hata mwezi mmoja tangu afike. Jumamosi ya tarehe 7 Oktoba 2023, wapiganaji wa Hamas na makundi mengine walivuka mpaka huo, wakaua watu wapatao 1,200 na kuchukua mateka 251. Clemence alikuwa na umri wa miaka 22, Joshua 21.

Kwa majuma kadhaa wazazi wao walitegemea habari za redio na simu kama tulivyozitegemea sisi. Mwishoni mwa Oktoba serikali ya Israel iliwataja vijana hao kwa majina kuwa miongoni mwa mateka. Tarehe 17 Novemba ikatangazwa kwamba Clemence amefariki. Mwili wake ulirejeshwa, akazikwa nyumbani. Katikati ya Desemba serikali yetu ilitangaza kwamba Joshua naye aliuawa siku ile ile ya kwanza. Mwili wake ulibaki Gaza zaidi ya miaka miwili, hadi ulipokabidhiwa mapema Novemba 2025. Ndiyo sababu majina yao yalifika altareni kwetu mwezi ule.

Hapa sina budi kuungama jambo. Picha za video za kuuawa kwa Joshua zilisambazwa mitandaoni, zikapita kutoka simu hadi simu. Kijana mmoja alinifuata nje ya kanisa akiwa nazo, akasema, "Baba, tazama walivyomfanya." Nilitazama. Ningeweza kukataa, nami sikukataa. Kisha nikawaza: huyu ni mtoto wa mtu, na picha hizi zilirekodiwa na upande wa waliomuua ili zitazamwe. Kila aliyezisambaza, hata kwa huruma, aliwatimizia nia yao. Vyombo vya habari vilivyoandika jina lake, kijiji chake na ndoto yake ya kuwa mtaalamu wa kilimo vilimpa heshima. Simu zetu zilimvua heshima hiyo.

Lakini swali la mzee bado linatudai. Wale wengine je? Hadi usitishaji wa mapigano ulipoanza tarehe 10 Oktoba 2025, Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imehesabu zaidi ya watu 67,000 waliouawa. Hesabu hiyo haiwatenganishi raia na wapiganaji, lakini watoto na wanawake ndani yake ni maelfu kwa maelfu. Idadi namna hiyo masikio huizoea upesi. Oktoba 2023 Rais wa Marekani, Joe Biden, aliposema hadharani kwamba haziamini hesabu za Wapalestina, wizara hiyo ilijibu kwa kutoa orodha ya majina 6,747. Fikirini, ndugu zangu: watu walilazimika kuorodhesha maiti zao kwa majina ili wasadikiwe kwamba wamekufa.

Na wa kutusimulia habari zao walikuwa wachache. Israel haikuwaruhusu waandishi wa kigeni kuingia Gaza kwa uhuru wao. Waliotuletea habari walikuwa Wapalestina wenyewe, na zaidi ya 180 kati ya wanahabari waliuawa katika vita hivyo. Hata sisi Wakatoliki tuna ndugu kule. Parokia ya Familia Takatifu ndiyo parokia pekee ya Kikatoliki mjini Gaza. Tarehe 16 Desemba 2023 mama na binti yake walipigwa risasi wakafa ndani ya uwanja wa parokia hiyo. Upatriarki wa Kilatini wa Yerusalemu ulisema aliyewapiga ni mdunguzi wa jeshi la Israel, na jeshi hilo likakanusha. Tarehe 17 Julai 2025 kombora lilipiga kanisa, likaua watu watatu na kumjeruhi paroko, Padre Gabriel Romanelli. Israel ilisema lilipotoka njia. Papa Fransisko alikuwa akiipigia simu parokia hiyo karibu kila jioni, hadi siku mbili kabla ya kifo chake, Aprili 2025. Alitaka kujua wamekula nini, na wanaendeleaje.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tunalijua jeraha la kuwa idadi. Tarehe 7 Agosti 1998, balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam ziliposhambuliwa kwa mabomu, watu zaidi ya 200 walikufa, kati yao Wamarekani 12. Nilikuwa kijana wakati ule, na nakumbuka uchungu wa wakubwa wetu walipoona kwamba katika habari nyingi za nje wale 12 walikuwa na majina na sura, na wengine walikuwa "wenyeji". Uchungu ule utufundishe. Tusimtendee mtu wa Gaza, wala wa Israel, yale tuliyochukia kutendewa.

Nina neno kwa jumuiya zetu ndogo ndogo. Kabla ya kutuma picha ya aliyeuawa, jiulize kama ungetaka mama yako aione ikiwa ni yako. Kabla ya kuipokea habari, uliza nani ameisema na alikuwa wapi. Na tusizifanye habari za vita hivi kuwa ugomvi na majirani zetu Waislamu, ambao tunauza na kununua nao kila siku hapa mpakani. Anayewalilia watoto wa Gaza hajawasahau Clemence na Joshua, wala anayewalilia hao wawili hajawachukia wa Gaza.

Katika Maandiko, Mungu hakumwuliza Kaini ni wangapi waliokufa. Alimwuliza habari za ndugu yake, tena kwa jina.

Mzee wangu, jibu langu ni hili. Jumapili iliyofuata niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, chini ya majina yale mawili: "na wote waliouawa Israel na Gaza, ambao majina yao hatuyajui, na Mungu anayajua." Tutaendelea kuwasoma. Tuwaombee wote pumziko la milele, na kwa walio hai tuombe amani.

Mungu awabariki.

Paroko wenu