Mexico: Mmea wa miiba ulioadimika porini na kustawi vyunguni

Echinocactus grusonii ni mmea wa jamii ya dungusi kakati, wenye umbo la mpira wa kijani uliofunikwa na miiba ya rangi ya dhahabu. Asili yake ni miteremko ya mawe ya majimbo ya Querétaro na Hidalgo, katikati ya Mexico. Umepewa jina la Hermann Gruson, mwenye viwanda wa Magdeburg, Ujerumani, aliyekusanya mimea ya jamii hiyo katika karne ya 19.

Katika miaka ya 1990, ujenzi wa bwawa la Zimapán ulizamisha sehemu kubwa ya makazi yake ya asili. Wezi wa mimea nao walichangia kuupunguza. Leo umeorodheshwa kuwa hatarini kutoweka porini, ilhali mamilioni hukuzwa kwa mbegu katika vitalu. Biashara yake ya kimataifa husimamiwa na mkataba wa CITES; kwa hiyo mnunuzi hana budi kuhakikisha kwamba mmea wake umetoka kitaluni.

Mmea huu huhifadhi maji shinani, na matuta yake hutanuka na kusinyaa kadiri maji yanavyoongezeka au kupungua. Vinyweleo vyake hufunguka usiku ili usipoteze maji kwa joto la mchana. Ndiyo maana maji mengi huudhuru kuliko kiu.

Chungu kiwe na tundu chini, na udongo uchanganywe na mchanga mkavu wa chengachenga au kokoto ndogo. Katika majira ya joto, umwagiliwe pale tu udongo unapokauka kabisa. Katika majira ya baridi, maji yakaribie kusitishwa, na halijoto isishuke chini ya nyuzi 5 za Selsiasi, kwani baridi ikichanganyika na unyevu huozesha mizizi.

Unahitaji jua kwa wingi, lakini uliokaa kivulini uzoeshwe jua polepole, la sivyo ngozi yake huungua na kubaki na makovu ya kudumu. Wakati wa kuuhamisha, uzungushiwe gazeti lililokunjwa ili miiba isijeruhi mikono. Vidung'ata, wanaoonekana kama pamba nyeupe, waondolewe mapema.

Maua yake ya manjano huchomoza utosini baada ya miaka mingi, na aghalabu mmea wa chunguni hauchanui kamwe.