Kukua Baada ya Kuokoka: Tulichoachiwa na Walokole wa Gahini



Ukisema umeokoka, uwe Bukoba, Dar es Salaam au Nairobi, kuna mtu atakuita mlokole. Wengine wanalitamka kwa heshima, wengine kwa kejeli. Neno lenyewe lilitoka Uganda, kwa Waganda, ambao waliwaita waliookoka balokole. Wanyarwanda wakasema abarokore. Wakikuyu wakatumia lao, ahonoki. Yaani kabla ushirika wetu haujapata jina wala muhuri, neno hili lilikwisha kuvuka mipaka yote tunayovuka sisi leo kwa pasipoti na foleni.

Kwa kuwa tunaadhimisha, nimependa kurudi kwa watu hao. Sirudi ili kuhesabu makanisa waliyoyaacha. Nataka kuuliza walikuaje baada ya kuokoka. Maana kuokoka tunakuhubiri kila Jumapili, na kukua mara nyingi tunakuacha kujitunza kwenyewe.

Tuseme ukweli kwanza: hawa hawakuwa Wapentekoste. Wengi walikuwa Waanglikana, na baadaye Walutheri na Wapresbiteri, na walibaki humo humo makanisani mwao hata walipochukiwa. Kunena kwa lugha hawakukufanya kuwa kipimo. Lakini mengi ya namna yetu ya kushuhudia, kusalimiana na kuitana ndugu tumeyaokota njiani walikopita wao.

Mwaka 1928 daktari Mwingereza kijana, Joe Church, alifika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Njaa kubwa ilikuwa imeikumba nchi. Baada ya mwaka mmoja alikuwa amechoka mwili na roho. Septemba 1929 akaenda Kampala kupumzika, na pale Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi. Wawili hao wakakaa siku mbili na Biblia, wakifuata maandiko yanayomhusu Roho Mtakatifu. Fikiria ukoloni ulivyokuwa wakati ule: mzungu daktari na Mwafrika wakikiri mmoja mbele ya mwenzake kwamba wana upungufu uleule. Hapo ndipo wengi wanapoanza kuhesabu historia ya uamsho.

Mimi lakini napenda zaidi habari ya Yosiya Kinuka. Huyu alikuwa msaidizi mkuu wa wagonjwa pale Gahini, na uhusiano kati ya wafanyakazi na wamisionari ulikuwa mbaya. Kinuka alikuwa na kinyongo. Akatumwa Kampala kwa Nsibambi, na bila shaka alikuwa na malalamiko ya kutosha kujaza siku nzima. Nsibambi akamwambia kwamba hali ya hospitali ile ilitokana na dhambi iliyokuwa moyoni mwake yeye Kinuka. Jamani, nani kati yetu angelipokea neno hilo? Kinuka alilipokea. Njiani akirudi akampa Yesu maisha yake, akafika Gahini mtu mwingine, akaanza kutengeneza na wenzake.

Ndivyo walivyoelewa kukua. Miaka ya mtu katika wokovu haikuwa hoja, wala cheo chake. Waliangalia anachukua muda gani kutubu akiguswa. Waliita kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7. Walikutana katika vikundi vidogo, kila mtu akasema Bwana amemwonyesha nini tangu walipoachana. Mwizi alirudisha alichoiba, wengine wakalipa madeni ya zamani. Festo Kivengere wa Kigezi, aliyeokoka mwaka 1941 na kuwa askofu baadaye, alisimulia jinsi alivyopanda baiskeli maili 50 kwenda kumwomba msamaha mzungu aliyekuwa akimchukia. Maili 50 katika milima ile! Leo tuna simu mfukoni, na bado kuna ndugu hatujampigia.

Kutoka Gahini moto ulienda Kigezi, Buganda na Burundi, na mwaka 1937 timu ya ndugu ikafika Kenya. Bukoba nako ukaingia. Haukuwa mwepesi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa kwa sababu ya mikutano yao ya maombi ya alfajiri na mahubiri yao. Baadhi ya walokole nao walikuwa wakali kupita kiasi. Waliwahukumu wachungaji wao hadharani, na miaka ya baadaye wenyewe wakagawanyika wakibishana nani yuko macho na nani amesinzia. Kanisa linalojua kutubu linaweza pia kuifanya toba kuwa fimbo.

Hata hivyo, mizizi ilionekana siku za shida. Wakati wa Mau Mau, katika miaka ya 1950, ahonoki wengi walikataa kiapo kwa kuwa damu ya Yesu iliwatosha, na wengi wao wakakataa pia kushika bunduki za serikali ya kikoloni. Pande zote mbili zikawaona wasaliti. Wapo waliouawa. Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948, aliuawa Februari 1977 chini ya Idi Amin. Kivengere na mkewe walitoroka kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Mwaka huohuo akatoa kitabu juu ya kumpenda na kumsamehe Amin.

Sasa nifike mahali pagumu, na ndugu zangu wa Rwanda wanivumilie. Nchi iliyotoa uamsho ndiyo iliyoona Aprili 1994. Watu walikimbilia makanisani wakauawa humo. Wapo waliookoka waliokufa kwa kukataa kutengwa na jirani zao, na wapo waliowaficha waliowindwa. Lakini pia viongozi wa makanisa mbalimbali walishtakiwa kule Arusha. Imekuwaje?

Maoni yangu ni haya. Katika miaka hiyohiyo ya 1930, Gahini ilipokuwa inawaka, Wabelgiji walikuwa wanawaandikia Wanyarwanda kabila katika vitambulisho. Katika vikundi watu walitubu wizi, pombe, uzinzi, hasira. Wengine walitubu na chuki ya kabila, na hao ndio waliosimama. Lakini kwa wengi nadhani jambo hilo lilibaki mfukoni pamoja na kitambulisho, halikuletwa nuruni. Na ushuhuda, miaka ilivyopita, ukageuka wimbo wa kukariri: nilikuwa mlevi, Bwana akaniokoa mwaka fulani. Ni kweli na ni utukufu kwa Mungu, ila haumwambii ndugu aliye karibu nawe unamwonaje leo.

Sisi tuna vitambulisho vya nchi nne au tano ndani ya ushirika mmoja. Tunajua utani unaosemwa kwenye basi Wakongomani wakishuka. Tunajua nani huwekwa jikoni na nani huwekwa jukwaani mikutano ikija. Vita vya Kivu vimewafanya baadhi yetu waogope hata kutaja kijiji walichozaliwa mbele ya wapendwa wenzao.

Basi ninalo ombi kwa kamati ya maadhimisho. Ratiba imeweka ushuhuda Jumamosi mchana, na najua maikrofoni itawaendea wageni rasmi. Wapeni dakika zao. Kisha tukae kumi kumi chini ya miti, Mrundi na Mkongomani, Mnyarwanda, Mganda na Mtanzania, mchungaji akiwa bila kiti chake maalumu, na kila mmoja aseme kilichotokea kati yake na Bwana wiki hii. Mwaka tuliookoka tunaujua tayari. Chai inaweza kuchelewa.