Magazeti Ambayo Kanzidata Haiyaoni

Mtafiti wa leo akitaka kujua magazeti yaliandika nini kuhusu njaa, mgomo au uchaguzi wa miaka sitini iliyopita, hufungua kanzidata ya maktaba, akaandika maneno mawili matatu, na papo hapo akaletewa orodha ya makala. Orodha ikiwa ndefu, huamini kuwa jambo lile lilitikisa nchi. Ikiwa tupu, huandika katika tasnifu yake kwamba magazeti yalinyamaza. Hitimisho hilo la pili halina msingi. Kila kilichomo ndani ya kanzidata kimeingizwa kwa uamuzi wa kampuni, maktaba au mahakama, na mara nyingi kwa kadiri fedha zilivyoruhusu. Kwa hiyo utupu wa orodha haujawa ushahidi wa lolote mpaka mtafiti ajue kanzidata yenyewe ilikusanywaje.

Kabla ya kompyuta kulikuwa na faharasa za karatasi. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Mwingereza Samuel Palmer alianza kuchapa faharasa ya The Times ya London, na mwaka 1913 The New York Times likaanza kuuza ya kwake kwa vitabu. Kisha zikaja mikrofilamu. Mwaka 1935 Recordak, tawi la Kodak, lilianza kuliuza The New York Times katika filamu, na mwaka 1938 Eugene Power akaanzisha University Microfilms mjini Ann Arbor, Michigan, kampuni ambayo baadaye ilikuja kuwa ProQuest. Lengo lilikuwa kupunguza shehena ya karatasi zilizokuwa zikimeguka kwenye rafu, na hakuna aliyewazia intaneti. Lakini ProQuest ilipoanza kuyaweka magazeti ya kale mtandaoni mwaka 2001, ilitumia filamu zile zile. Gazeti ambalo halikupigwa picha miaka ya nyuma, kwa kuwa maktaba kubwa hazikulihitaji, lilikosa pia njia rahisi ya kuingia mtandaoni. Ukoo wa pili wa kanzidata ulianza na Nexis karibu na mwaka 1980. Huo ulihifadhi maneno ya makala bila sura ya ukurasa, hivyo picha, matangazo ya biashara na mpangilio wa habari vilibaki nje.

Sheria nayo ilikata kipande chake. Waandishi wa kujitegemea wakiongozwa na Jonathan Tasini waliishtaki The New York Times na wenzake kwa kuuza makala yao kwa kanzidata bila idhini. Juni 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwapa haki kwa kura saba dhidi ya mbili. Wachapishaji wengi waliona ni nafuu kuyaondoa makala hayo kuliko kuyalipia. Anayetafuta leo maandishi ya miaka ya 1980 katika kanzidata za aina hiyo huenda akakosa makala ambayo msomaji wa siku ile aliyanunua kwa sarafu chache njiani.

Hata kilichoingizwa si lazima kipatikane, kwa sababu tunachokitafuta si ukurasa wenyewe bali maneno ambayo programu ilidhani imeyasoma kwenye picha ya ukurasa. Mwaka 2009 Simon Tanner na wenzake walipima magazeti ya karne ya 19 yaliyowekwa katika mfumo wa dijitali na Maktaba ya Uingereza. Waligundua kuwa maneno yaliyosomwa sawasawa yalikuwa asilimia 78, na kwa maneno yenye uzito, yale ambayo mtafiti huyatafuta, asilimia 68.4 tu. Hicho ni Kiingereza, lugha ambayo programu hizo zilitengenezewa. Kiswahili kina ugumu zaidi: kitenzi huvaa viambishi mbele, hivyo anayeandika “goma” hataletewa “waligoma” wala “wakagoma”. Kanzidata nyingi huruhusu kuacha mwisho wa neno wazi kwa alama ya nyota, lakini si zote zinazokubali nyota hiyo mwanzoni. Tena tahajia ya Kiswahili ilikuwa haijasanifiwa kabla ya kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930.

Athari zake kwa uandishi wa historia zimepimwa. Ian Milligan alionyesha mwaka 2013 kuwa baada ya Toronto Star kuingia mtandaoni, tasnifu za historia ya Kanada zililinukuu takriban mara kumi zaidi ya awali, ilhali magazeti yaliyobaki kwenye filamu hayakupata bahati hiyo. Afrika Mashariki haina sababu ya kujiona imeepuka. Daily Nation la Nairobi lilipata nafasi katika mradi wa magazeti wa Google, ulioanza 2008 na kusitishwa 2011, na matoleo yake yakawa rahisi kunukuliwa popote duniani. Lakini fikiria kesi ya mwaka 1958, Julius Nyerere alipotozwa faini ya pauni 150 kwa makala iliyowashutumu maofisa wa wilaya wa kikoloni. Anayetegemea magazeti ya Kiingereza pekee ataipata kesi na hukumu. Maneno yaliyoleta kesi yalikuwa katika Sauti ya TANU, chapisho la chama chake Nyerere. Vivyo hivyo, anayetaka kujua Waafrika wa Dar es Salaam walijadili nini kabla ya Vita Kuu ya Pili hana budi kulitafuta Kwetu, gazeti la Erica Fiah lililoanza mwaka 1937.

Wapo watakaosema lawama hizi ni za watu waliozoea vumbi la nyaraka. Mwanafunzi wa Dodoma leo anasoma The Times la 1857 bila nauli ya kwenda London, na hilo ni jema kubwa, ingawa ni pale tu chuo chake kinapolipa ada. Wengine watakumbusha kuwa faharasa za Palmer nazo zilipendelea baadhi ya habari. Ni kweli, ila kitabu cha faharasa kilijulikana mipaka yake: gazeti moja, vichwa vilivyopangwa, vya kupekuliwa vyote. Kisanduku cha kutafutia hakionyeshi kilichoachwa nje. Wa tatu watasema programu zinazidi kuwa hodari. Zitasoma vizuri zaidi kilichopigwa picha, lakini hakuna programu itakayosoma toleo lisilopigwa picha kamwe.

Basi tusiziache kanzidata, ila tuzihoji kama tunavyomhoji shahidi mwingine yeyote. Mtafiti aanze kwa kuangalia ni magazeti gani yamo, ya miaka ipi, na matoleo gani yanakosekana. Atafute kwa tahajia zaidi ya moja, kisha afungue matoleo ya wiki husika ukurasa kwa ukurasa. Jina la kanzidata liingie kwenye tanbihi pamoja na jina la gazeti. Na kabla ya kuandika kwamba magazeti yalinyamaza, aende kwenye mkusanyo wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au kwenye Nyaraka za Taifa za Kenya na za Zanzibar. Akitoka huko mikono mitupu, dai lake la ukimya litakuwa na uzito.