Je, Nambari Tasa Haizai? Uchunguzi wa Istilahi Moja ya Hisabati

Nambari kamili zina makundi, na Kiswahili kina majina ya makundi hayo. Inayogawanyika kwa 2 huitwa shufwa. Isiyogawanyika kwa 2 huitwa witiri. Maneno haya mawili yametoka katika Kiarabu. Nambari iliyo kubwa kuliko 1, na ambayo haina vigawo ila 1 na yenyewe, huitwa tasa, jina la kiumbe kisichozaa. Kiarabu na Kilatini huziita nambari hizo “za kwanza”. Katika makala haya tutayapima majina hayo mawili kwa historia ya nambari moja.

Nambari yenyewe ni 147,573,952,589,676,412,927. Hupatikana kwa kuzidisha pamoja 2 sitini na saba, kisha kutoa 1; kwa hiyo ni witiri. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne aliitia katika orodha ya nambari za namna hiyo alizodai kuwa ni tasa. Uthibitisho hakuutoa. Dai hilo halikukanushwa kwa zaidi ya karne mbili, kwani ni nani angeweza kuvijaribu vigawo vya nambari yenye tarakimu 21 kimoja baada ya kingine?

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba nambari hii si tasa, bila ya kutaja kigawo chake hata kimoja. Alibuni mlolongo wa hesabu ambao, nambari ikiwa tasa, hauna budi kuishia kwenye tokeo fulani. Tokeo lisipopatikana, dai limeanguka, ijapokuwa vigawo bado vimefichika.

Vigawo vilidhihirishwa mwaka 1903. Katika mkutano wa wanahisabati mjini New York, Frank Nelson Cole alionyesha kwamba nambari hiyo ni zao la 193,707,721 na 761,838,257,287. Ilijulikana tangu zamani kwamba kila kigawo chake lazima kizidi kigawe cha 134 kwa 1. Hata hivyo kazi haikuwa nyepesi: kigawo kile kidogo ni 134 mara 1,445,580, ukiongeza 1.

Basi jina lipi ni la haki? Lucas alijua jambo moja tu, nalo Kiswahili hulisema kwa maneno mawili: si tasa. Hapo istilahi yetu yatosha kabisa. Lakini vigawo viwili vya Cole vyenyewe ni tasa, na ndivyo vilivyoizaa nambari ile kubwa. Tena kila nambari kamili iliyo kubwa kuliko 1, kama si tasa, huzaliwa na nambari tasa. Kwa upande wa kugawanya, jina tasa ni sahihi. Kwa upande wa kuzidisha, hizo tasa ndizo wazazi wa nyingine zote, na jina “za kwanza” ndilo lionyeshalo hayo.

Hatusemi istilahi ibadilishwe, kwa kuwa imekwisha kukaa vitabuni. Twasema mwalimu asiishie kwenye jina. Mwanafunzi aambiwe kwamba utasa huu ni wa kutogawanyika, wala si wa kutozaa. La sivyo neno litamficha nusu ya maana.