Vyombo vya safari fupi: miaka 200 ya kufukuzwa njiani

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika jiji la Zurich nchini Uswisi, bwana mmoja aitwaye Wim Ouboter alishikwa na hamu ya soseji ya kuchoma. Banda alilolipenda lilikuwa mbali kiasi cha kumfanya mtu asite kwenda kwa miguu, lakini lilikuwa karibu mno kwa kuwasha gari au kutoa baiskeli stoo. Wengine tungekula kilichopo nyumbani. Ouboter aliingia kazini akaunda skuta ndogo ya kukunja, yenye magurudumu magumu kama yale ya viatu vya kuteleza, ambayo mtu angeweza kuibeba mkononi na kuingia nayo kwa muuza soseji. Ilipofika mwaka 2000, skuta za namna hiyo zilikuwa zimezagaa kuanzia Tokyo hadi New York, za kweli na za kuiga.

Kila kizazi kina mtu wake anayeiona upya safari hiyo ya kilomita moja au mbili, halafu anaiundia chombo. Na kila mara, chombo kikishafanya kazi, linaibuka swali ambalo fundi hakulifikiria: kipite wapi?

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Karl von Drais, mtumishi wa idara ya misitu huko Mannheim, Ujerumani. Tarehe 12 Juni 1817 alitoka mjini amekalia ubao wenye magurudumu mawili, huku akijisukuma kwa miguu ardhini. Hakukuwa na pedali wala mnyororo. Alienda na kurudi, kilomita zipatazo 13, kwa muda usiotimia saa moja. Watu walishangaa, wenye fedha wakaagiza vyao, na ndipo matata yalipoanza. Barabara za enzi hizo zilikuwa zimechimbwa makorongo na magari ya farasi, kwa hiyo wapandaji walihamia kwenye njia za waenda kwa miguu, ambako sakafu ilikuwa laini. Kabla ya mwaka kwisha, Mannheim ilikuwa imewapiga marufuku kwenye njia hizo. Mwaka 1819 London na New York nazo zikawakazia.

Nitoke njiani kidogo. Wasomaji wa mashariki mwa Kongo wanakijua chombo ambacho Drais angekitambua mara moja: chukudu. Ni cha mbao, kina magurudumu mawili ya kuchongwa yaliyovishwa ukanda wa mpira wa tairi, na mwenyewe hupiga goti moja juu ya ubao huku mguu wa pili ukisukuma. Hubeba mkaa, kabeji na viazi kutoka milimani hadi Goma, na mteremkoni hushuka kwa kasi inayowatoa wageni jasho. Chukudu hupita katikati ya barabara pamoja na malori, na tangu mwaka 2009 ina sanamu yake yenye rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara mjini humo. Aliyelisha mji haulizwi sana amepitia wapi. Vyombo vya akina Drais havikuwa na kinga hiyo, kwani vilimbeba mwenyewe tu, na mara nyingi mwenyewe alikuwa mtu wa starehe.

Karibu karne moja baada ya Drais, mwaka 1915, kampuni moja ya Long Island City, New York, ilianza kuuza Autoped: skuta ya kusimama yenye injini ya petroli juu ya gurudumu la mbele. Kuiendesha kulikuwa rahisi kuliko kueleza. Ukiusukuma mshikio mbele, klachi inashika na chombo kinaondoka. Ukiuvuta nyuma, kinaachia na kufunga breki. Ukifika unaukunja mshikio na kukiegesha pembeni. Ipo picha ya mwaka 1916 inayomwonyesha Lady Florence Norman, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, akiwa juu ya Autoped jijini London, amevaa koti refu na kofia, anaelekea ofisini. Alipewa na mumewe kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ukiitazama leo unaona mtu anayekwenda kazini kama wafanyakazi wa Paris au Berlin wa sasa; zibadilishe nguo tu.

Autoped haikudumu. Kampuni ya Krupp iliiunda kwa leseni Ujerumani kwa miaka michache, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 biashara ikafa pande zote mbili za Atlantiki. Magurudumu yake yalikuwa madogo na barabara zilikuwa mbaya. Mpandaji alisimama mchana kutwa kwenye chombo chenye kelele ambacho hakikuwa na kiti, wakati magari yalikuwa yanazidi kushuka bei. Skuta iliyoshinda baadaye ilikuwa ya kukalia, kama Vespa, nayo ilikubaliwa kwa sababu ilijiunga na pikipiki: ikapata namba, leseni na nafasi barabarani.

Jaribio la Clive Sinclair wa Uingereza nalipitia haraka, maana limeshachekwa vya kutosha. C5 yake, kigari cha umeme cha magurudumu matatu, ilizinduliwa London tarehe 10 Januari 1985, katikati ya baridi kali, kwa bei ya pauni 399. Sheria ilimruhusu hata kijana wa miaka 14 kuiendesha bila leseni, barabarani, akiwa amekaa chini kiasi kwamba macho yake yalikuwa usawa wa magurudumu ya malori. Kufikia Agosti mwaka huohuo uundaji ulikuwa umesimama.

Segway inahitaji muda zaidi. Dean Kamen alikuwa ameshaunda kiti cha wagonjwa kiitwacho iBOT, chenye uwezo wa kusimama juu ya magurudumu mawili bila kuanguka. Kutokana na ujuzi huo akatengeneza jukwaa dogo la kusimama, lenye magurudumu mawili ubavuni, linalokwenda pale unapoegemea. Lilipofichuliwa New York tarehe 3 Desemba 2001, baada ya miezi ya uvumi kuhusu kifaa cha siri kitakachobadili miji, kiwanda cha New Hampshire kilikuwa kimetayarishwa kwa uwezo wa kutoa maelfu kwa maelfu kila mwezi. Bei ilikuwa karibu dola 5,000.

Kampuni haikupenda kutaja mauzo, lakini kasoro ziliyataja. Mwaka 2003 Segway zote ziliitwa kiwandani kwa sababu betri ikikaribia kwisha chombo kiliweza kumwangusha mpandaji, na hapo ikajulikana kwamba zilizouzwa ni kama 6,000. Mwaka 2006 ziliitwa tena: 23,500. Kwa kiwanda kile, hiyo ilikuwa biashara ya wiki chache.

Tofauti na waliomtangulia, Kamen alilijua swali la njia. Kabla hata ya kuanza kuuza, watu wake walizunguka kwenye mabunge ya majimbo wakiomba sheria, na majimbo zaidi ya 30 ya Marekani yakakubali Segway ipite njia za waenda kwa miguu. San Francisco ikakataa. Wazee na walemavu wa macho walikuwa na hoja nzito: kitu cha kilo 38 kinachokwenda kilomita 20 kwa saa, bila mlio, hakifai kuwapitia begani. Uingereza haikuhitaji hata kutunga sheria mpya. Mwaka 2011 mtu mmoja wa Barnsley alitiwa hatiani kwa kupanda Segway kwenye njia ya miguu, kwa mujibu wa sheria ya barabara ya mwaka 1835 iliyoandikwa kwa ajili ya farasi na mikokoteni. Angeshuka barabarani angekutwa na kosa jingine, kwa kuwa huko chombo kilihesabiwa gari lisilosajiliwa. Segway ikaishia kwa walinzi wa maduka makubwa na watalii wanaofuatana kama bata, na Julai 2020 uundaji wake ukakoma.

Ufundi wake, hata hivyo, haukufa. Mwaka 2004 mhandisi Trevor Blackwell alionyesha baiskeli ya gurudumu moja inayojisimamisha kwa umeme, bado ikiwa na kiti kama ile ya wanasarakasi. Aliyekiondoa kiti ni Shane Chen, mvumbuzi mzaliwa wa China aliyehamia Marekani. Chombo chake, Solowheel, kilichoanza kuuzwa mwaka 2011, kilikuwa gurudumu ndani ya kasha, vikanyagio viwili vya kukunja ubavuni na mshikio juu, kama begi. Kilikuwa na uzito wa kama kilo 11. Unasimama, gurudumu liko katikati ya miguu yako, muundi umeegama kwenye sponji, na mikono haishiki kitu.

Ndani yake kuna mota iliyojificha kwenye kitovu cha ringi, betri, na ubao wa saketi wenye sensa za aina mbili. Moja inapima chombo kimeinama kiasi gani, nyingine inapima kinainama kwa kasi gani. Ukiegemea mbele, mota inalizungusha gurudumu liwahi chini ya uzito wako kabla hujaanguka. Ukizidi kuegemea, nalo linazidi kukufuata. Kwenda mbele, basi, ni kuanguka kunakokatizwa mara nyingi kila sekunde, na kufunga breki ni kuegemea nyuma. Upande wa kushoto na kulia mashine haikusaidii hata kidogo. Huo ni wako, na ndiyo maana anayejifunza hushikilia ukuta au uzio, huku kikanyagio kikimgonga muundi mpaka ngozi ibadilike rangi.

Hatari yake inatoka palepale penye uzuri wake. Mota ina kikomo. Mpandaji akidai nguvu kuliko iliyopo, gurudumu halimwahi tena na yeye anatangulia na uso. Kwa hiyo mashine hulia mlio wa onyo, kisha huinua vikanyagio kwa mbele ili kumlazimisha arudi nyuma. Wazoefu huvaa kinga za viganja kabla ya kofia. Wanajua pia jambo linalomshangaza mgeni: usiondoke kileleni betri ikiwa imejaa. Kwenye mteremko mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme, na betri iliyojaa haina pa kuuweka.

Segway ilikuwa na bei ya gari kuukuu. Gurudumu likashuka mpaka bei ya simu nzuri. Sababu moja ni simu zenyewe. Sensa za kupima mwinamo, zilizokuwa ghali enzi za Kamen, zilikuwa zimeingia kwenye kila simu ya kisasa na kuwa rahisi kama njugu. Viwanda vya China, vingi vikiwa Shenzhen na jirani zake, vilichukua wazo la Chen na kulikimbiza: King Song, InMotion, Gotway, Ninebot. Hiyo Ninebot ya Beijing ilishtakiwa na Segway mwaka 2014 kwa kuiga. Mwaka 2015 mshtakiwa akainunua kampuni ya mshtaki.

Mwaka huohuo dunia ilivamiwa na vibao vya magurudumu mawili vya watoto na wasanii, ambavyo betri zake mbovu ziliwaka moto majumbani. Julai 2016 Marekani ilivirudisha zaidi ya 500,000. Mwaka 2017 kampuni ya Bird ikazimwaga skuta za umeme za kukodi kwa simu huko Santa Monica bila kusubiri kibali. Singapore ilifunga njia za miguu kwa skuta za umeme Novemba 2019, na vijana wanaopeleka chakula wakajikuta hawana njia ya kazi, hadi serikali ikatoa ruzuku wabadilishe vyombo. Wapiga kura wa Paris, Aprili 2023, walizikataa skuta za kukodi kwa asilimia 89, ingawa waliojitokeza hawakufika hata 1 kati ya 10.

Lakini mwenye chombo chake mwenyewe Paris bado anapita. Tangu Oktoba 2019 Ufaransa imeviwekea vyombo hivi, gurudumu moja likiwemo, kundi lao kisheria: mwisho kilomita 25 kwa saa, marufuku njia za miguu, ruksa njia za baiskeli. Ujerumani nayo ilitunga yake Juni 2019, ikaweka sharti la mshikio wa kuongozea, na kwa neno hilo moja gurudumu likabaki nje. Kwa maoni yangu Wafaransa ndio waliojibu swali la Drais, kwa kuwa waliacha kulazimisha kila kitu kiwe gari au mtembea kwa miguu.

Sasa watengenezaji wanalifungua tena. Magurudumu mapya yana betri za zaidi ya wati-saa 2,000, yana springi za kumeza mashimo na yanapita kilomita 50 kwa saa. Mengine yana kilo 40, kwa hiyo hakuna anayeyapandisha ngazi wala kuyaweka chini ya kiti cha treni. Wanaoyanunua huvaa kofia za pikipiki, na wengi huyatumia kwa safari ndefu za wikiendi.