Habari za Mibuni na Majira ya Kuipanda

Mtu akitembea Susuni hata Sirari, katika wilaya ya Tarime, huona karibu na nyumba migomba na mahindi, na katika bustani nyingine mibuni. Ukiwauliza watu, "Mbuni hupandwa lini?" utapata majibu mawili. Wa kwanza husema, "Mvua ikianza." Wa pili husema, "Bei ikiwa nzuri." Twataka kuyapima majibu haya kwa habari za zamani, kwa maana nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki zimepata ada ya shule kwa buni, na nyingine zimepoteza jasho la miaka kwa kuchagua wakati usiofaa.

Kwanza tujue mti huu ulikotoka. Mbuni wa Arabika ni mti wa misitu ya Uhabeshi. Kutoka huko ulivuka bahari ukafika Yemeni, na katika karne ya 15 watu wa huko walikuwa wakinywa kahawa. Lakini kando ya ziwa letu, upande wa magharibi, Wahaya walikuwa na mbuni wao wa aina ya robusta kabla Wadachi hawajaja. Wao hawakuinywa kahawa, bali waliyachemsha matunda, wakayakausha, wakayatafuna. Watu wawili wakichanjiana udugu waligawana punje mbili za tunda moja zilizotiwa damu yao. Tena watawala wao waliulinda sana mti huu, wala haikuwa kazi ya kila mtu kuupanda apendavyo.

Basi hapo twaona jambo la kwanza. Zamani aliyechagua wakati wa kupanda hakuwa mkulima, bali mwenye amri. Wadachi walipotawala, waliwahimiza Wahaya kupanda mibuni mingi, ili watu wapate fedha na serikali ipate kodi. Kilimanjaro, mapadre wa Roho Mtakatifu wa Kilema walipanda Arabika mwishoni mwa karne ya 19, na Wachaga wakaichukua miche wakaitia katika vihamba vyao, chini ya migomba. Masetla walichukizwa, wakataka Waafrika wazuiwe. Wachaga hawakukubali. Mwaka 1925 walifanya chama chao cha wapandaji, na mwaka 1933 kikafuata chama cha ushirika kiitwacho KNCU.

Jirani zetu wa Kenya walingoja zaidi. Huko Waafrika walikatazwa kulima Arabika hata miaka ya 1930. Serikali ilipolegeza amri, ilianza na Kisii, Meru na Embu, tena kwa vishamba vidogo. Kisii si mbali na kwetu, na lugha yao na Kikuria ni ndugu. Mzee wa Kisii wa siku zile angaliweza kuwa na udongo mwekundu mzuri na mvua ya kutosha, lakini majira yake ya kupanda hayakuwa yamefika, kwa kuwa ruhusa haikuwa imefika.

Leo ruhusa si shida yetu. Lakini yuko bwana mwingine ambaye wengi humtii kuliko serikali, naye ni bei. Mwezi wa Julai 1975 baridi kali iliiunguza mibuni ya Brazili, nchi ilimayo kahawa kuliko zote. Kahawa ikawa haba duniani, na katika miaka ya 1976 na 1977 bei ikapanda mno. Sasa fikirini habari ya mtu aliyesikia bei ile mwaka 1977, akapanda. Mbuni hukaa kama miaka 3 kabla ya kutoa mavuno ya kwanza, basi alianza kuvuna mwaka 1980, na wakati huo bei ile ya ajabu ilikuwa imekwisha kushuka. Kisha mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakigawa mauzo ya kahawa yalivunjika, bei ikaanguka vibaya. Wengi wakaiacha mibuni yao bila kupogoa wala kupalilia, na wengine wakaing'oa. Aliyeing'oa hakuweza kuirudisha kwa mwaka mmoja bei ilipopona. Kwa hiyo twasema kwamba afuataye bei katika kupanda mbuni amfuata mtu aliyemtangulia miaka 3 njiani. Hamfikii.

Yuko na adui wa tatu, maradhi. Chulebuni, uharibuo matunda yangali mabichi, ulionekana kwanza Kenya mwaka 1922, ukaingia Tanzania mwaka 1964. Kutu ya majani ndiyo iliyoiangamiza kahawa ya kisiwa cha Ceylon baada ya mwaka 1869, hata watu wa huko wakageukia chai. Maradhi haya yote mawili hupenda unyevu. Serikali ilianzisha kituo cha uchunguzi Lyamungo, Kilimanjaro, mwaka 1934, na tangu mwaka 2001 kazi hiyo imeshikwa na taasisi ya TaCRI, ambayo ina kituo chake kidogo Sirari, karibu nasi kabisa. Wao wametoa mibuni iwezayo kuyashinda maradhi hayo. Apandaye mche wa zamani kwa sababu tu ni wa bure, amejichagulia gharama ya dawa kwa miaka mingi.

Sasa twarudi kwa jibu la kwanza, yaani mvua. Kwetu mvua kubwa huanza karibu na Machi na kuisha Mei. Kisha jua la Juni hata Agosti. Kisha mvua ndogo hata Desemba. Mche uliotiwa shambani mvua kubwa inapoanza hupata miezi 2 au 3 ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi. Mche wa mwisho wa Mei huingia katika jua ungali mgeni, nao hunyauka hata kama siku ya kupandwa udongo ulikuwa umelowa. Haitoshi basi kusema, "Mvua ipo." Yatupasa kuuliza, "Imebaki mvua kiasi gani?"

Lakini jibu hilo nalo halikukamilika. Mvua ya Machi haiuiti mbuni peke yake. Yaita na mahindi na maharagwe, na mikono ya nyumbani ni ile ile. Asiyejitayarisha mapema hupanda chakula kwanza, kama ipasavyo, na mibuni huachwa hata Mei. Dawa yake ni kuhesabu kurudi nyuma. Mche hulelewa kitaluni miezi 9 hata 12, basi apandaye Machi huagiza au huanza kuulea tangu mwaka uliotangulia. Mashimo ya futi 2 kwenda chini na futi 2 kwa upana, yakiachana futi 9, huchimbwa miezi 3 mbele, yaani kabla ya Krismasi, yakajazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Ng'ombe tunao, na samadi ipo. Kivuli cha migomba nacho huwekwa tayari mapema, kwa maana mgomba haukui kwa usiku mmoja.

Ndipo twaona kwamba majira ya kupanda si siku ya kuutia mche shimoni. Siku ile ni ya mwisho katika safari ya mwaka mzima. Wazee wetu walipanda wimbi, wakala mwaka ule ule. Mbuni wataka moyo mwingine, wa kuwafikiria watoto watakaokuwa shuleni baada ya miaka 3 au 10. Basi, ndugu zetu, asiye na mashimo Machi ikifika, apande mahindi yake kwa amani, achimbe Desemba ijayo. Kungoja mwaka mmoja hupunguza kidogo. Kupanda nje ya majira hupoteza vyote.